Bakuli Zito la Amna

Jumatano, 7 Januari

Bismillahi. Mimi si mtu wa kuandika. Maisha yangu nimeyamalizia Ubaruku kwenye mashine za kukoboa mpunga, na kalamu niliishika pale tu palipokuwa na gunia la kutiwa jina la mwenyewe. Lakini leo tumerudi nyumbani Iyunga kutoka hospitali, na Sista Verediana, nesi anayemfundisha mke wangu kumeza, amenipa agizo: andika kila siku mgonjwa amekula nini, kiasi gani, amekohoa au hakukohoa. Nikasema sawa. Kama ni kuandika, basi nitaandika na mengine, maana nyumba imekuwa kimya na sina wa kumwambia.

Kiharusi kilimpata Amna mwezi wa kumi na moja, akiwa anakanda unga wa maandazi. Upande wa kulia umelala. Maneno yameondoka, anasema "ee" na "aa" tu. Na koo limesahau kazi yake. Maji, chai, mchuzi, chochote chepesi kinakwenda mapafuni badala ya tumboni. Sista alichukua kijiko akanionyesha.

"Mzee, angalia hapa. Ukichota, inamisha kijiko hivi. Ikitiririka, usimpe. Iking'ang'ania kama gundi, usimpe pia, itamganda kooni. Ikishika kidogo halafu ikaanguka bonge moja, hiyo mpe." Akanitazama machoni. "Akipaliwa atapata homa ya mapafu. Na akikataa kula akazidi kukonda, itabidi tumwekee mpira wa puani. Mama hautaki, nilimuuliza."

Nami nilikuwepo alipoulizwa. Alitikisa kichwa mpaka mtandio ukamdondoka.

Namshukuru Mungu amerudi. Nyumba bila yeye ilikuwa ghala tu.

Alhamisi, 8 Januari

Uji wa mchele, mzito. Vijiko vichache. Hakukohoa.

Jumamosi, 10 Januari

Uji. Mvua tangu alfajiri. Amegeuza uso.

Jumatatu, 12 Januari

Uji. Amegeuza uso kabla sijachota.

Jumatano, 14 Januari

Uji wa mchele, uji wa ulezi, uji wa mahindi. Amekataa wote. Mkono wake mzima, wa kushoto, umekisukuma kijiko taratibu, kwa adabu, kama mtu anayemrudishia mwenyeji kikombe asichokitaka. Nimebaki na bakuli mapajani nikimtazama. Mashavu yameanza kuingia ndani.

Mke wangu hakuzoea kula ilimradi. Mama yake alitoka Kilwa akaolewa huku baridini, na ulimi wake akaja nao, akamrithisha binti. Jikoni Amna ana neno moja ambalo Naima, mwanetu, na kila msichana aliyepita katika nyumba hii analijua: "Punguza." Punguza chumvi. Punguza moto. Na mimi nikiongea na simu kana kwamba bado niko mashineni, sauti inatoka uani: "Baba Naima, punguza." Nilikuwa silipendi neno hilo. Leo ningelisikia ningepiga sijda palepale.

Ijumaa, 16 Januari

Naima amepiga simu kutoka Iringa. Ana kichanga, hajamaliza arobaini, hawezi kusafiri, na jambo hilo linamuuma. Kazi yake sasa ni kunitumia video. Ya leo ni ya msichana mwenye kucha ndefu anayetengeneza bakuli la matunda. Anasaga ndizi na embe zilizogandishwa, zinatoka nzito kama aiskrimu. Anazimwaga bakulini, kisha juu yake anapanga matunda mengine, mbegu na vipande vya nazi, mpaka bakuli linapambwa kuliko bibi harusi.

"Baba, umeona ilivyo nzito? Inasimama!"

"Nimeona. Sasa ataila lini, au anaipiga picha tu?"

"Baba bwana! Mama anapenda matunda. Jaribu. Ila hivyo vya juu usiweke, atapaliwa."

Nikamjibu kwamba mzee wa umri wangu hafundishwi kupika na kucha. Halafu nikachukua kikapu nikaenda sokoni.

Jumapili, 18 Januari

Niandike yote, maana Sista atauliza.

Nilikata ndizi za Tukuyu na embe, nikazigandisha. Asubuhi blenda ikanguruma ikagoma. Nikaongeza maziwa mpaka ikakubali, lakini mchanganyiko ukawa mwepesi. Nikatupia mabarafu, ukawa mzito tena. Nikajiona fundi. Nikainamisha kijiko: bonge moja, zuri, hata msichana wa kucha angenisifu.

Kijiko cha kwanza Amna alifumba macho. Alikuwa amefurahi, wallahi nilimwona. Cha pili akafungua kinywa mwenyewe. Hapo nikajisahau. Nikaanza kumsimulia habari za msikitini, na huku kile kitu kinayeyuka bakulini, na mimi siinamishi tena kijiko. Akapaliwa. Uso ukabadilika rangi, macho yakanikodolea. Nikamwinamisha mbele kama nilivyofundishwa, nikawa namwita yeye, namwita Mungu, namwita yeye. Alikohoa sana kabla kifua hakijaachia. Kisha akalala, amechoka, na mimi nikakaa sakafuni kando ya kitanda.

Nikampigia Sista Verediana.

"Mzee, uliweka barafu?"

"Niliweka. Lakini kijiko kilishika, Sista."

"Barafu inakudanganya. Kwenye kijiko ni bonge, ikikuta joto la mdomo ni maji. Uzito utoke kwenye tunda lenyewe, sio kwenye baridi."

Alhamdulillahi, hana homa. Jioni uji. Amekula kidogo, nadhani kwa kunihurumia.

Jumanne, 20 Januari

Uji. Ukungu mpaka adhuhuri.

Alhamisi, 22 Januari

Uji. Amegeuza uso. Kanzu yake ya kijani sasa inamwelea mabegani.

Jumamosi, 24 Januari

Yusta ni jirani yetu wa ukuta mmoja, mjane, Mhehe wa Ilula, Mlutheri anayeimba sauti ya kwanza kanisani na kila mahali pengine. Miaka yote nimemhesabu kuwa mwanamke wa maneno mengi, nikimwona nje nasalimia huku natembea. Leo ameingia uani na ndoo ya maparachichi kichwani.

"Kamwene, Baba Naima! Nasikia unamlisha mama barafu."

"Nani kakwambia?"

"Aniambie nani? Si ulikuwa unapiga kelele mwenyewe, hadi kuku wangu wakapanda juu ya mti."

Akaingia jikoni bila kukaribishwa. Akaminya ndizi zangu moja moja, akazikataa, akatoa zake zenye madoa meusi. "Hizi zimeiva. Ndizi ikiwa nzuri kwa macho, bado. Na hili parachichi la mafuta ndio litashika. Usigandishe kitu."

Akasaga bila tone la maji. Tukainamisha kijiko, hakikuachia: gundi. Tukaongeza maziwa kidogo, tukasaga, tukainamisha. Kidogo tena. Tumeliinamia bakuli kama watu wa Chunya wanaotafuta dhahabu, mpaka likaanguka bonge moja. Tukaliacha likae, tukainamisha tena. Bonge lilelile.

Amna amekula nusu bakuli! Hakukohoa. Kisha akaacha, akatazama ukuta.

Yusta akaonja kilichobaki. "Kooni panapita," akasema. "Ila mdomoni hamna kitu hapa, Baba Naima. Hata mimi ningegeuka."

Nilitaka kukasirika, nikakuta sina hasira. Nimemsindikiza mpaka getini kwake, jambo ambalo sijawahi kulifanya.

Jumanne, 27 Januari

Leo nimemsogeza Amna na kiti chake cha magurudumu mpaka mlangoni mwa jikoni, anione ninavyohangaika. Nimesaga ndizi, parachichi na embe. Nimechota. Amegeuza uso. Nikamuuliza, "Amna, unataka nini? Niambie." Swali la kipumbavu kumuuliza asiye na maneno. Lakini mkono wa kushoto ukainuka, ukaelekea kabatini, kwenye makopo yake.

Nikayashusha yote. Nikafungua moja moja nikimsogezea puani. Tangawizi, "aa." Mdalasini, akafikiri, "aa." Majani ya chai: hapo macho yakajaa machozi, nikalifunga haraka, maana chai ndiyo iliyokuwa maisha yake na sasa ameharamishiwa. Iliki. Akanikamata mkono. Hakuuachia. Akavuta pumzi ndefu, akafumba macho, na nikamwona yule msichana niliyemwoa Iringa, mwenye harufu ya maandazi kwenye khanga.

Nimetwanga iliki, nikachekecha, zisibaki takataka za kumkwaruza. Nimekamua pasheni, nikachuja mbegu zote. Nimechanganya, nikainamisha kijiko. Bonge moja.

Amelimaliza bakuli. Ameniangalia, akasema "ee." Nimetoka uani nikasimama kwenye mvua nikilia kwa furaha, na Yusta akachungulia ukutani akauliza kuna msiba gani. Nikamwambia amekula. Akapiga vigelegele mpaka magari ya barabara kuu yakapiga honi.

Jumanne, 3 Februari

Ndizi, parachichi, pasheni, iliki. Bakuli zima.

Jumapili, 8 Februari

Pichesi zimejaa sokoni. Nimemenya, nikachemsha kidogo, nikachuja. Bakuli zima. Naima anataka nipige picha. Nimepiga, kidole changu kimeziba nusu.

Alhamisi, 12 Februari

Umeme umekatika. Nimeponda kwa mwiko na kuchuja kwa chujio la chai mpaka bega likauma. Bonge moja. Bakuli zima. Kliniki wamempima: ameongezeka kidogo. Sista Verediana ameniuliza kama natafuta kazi pale jikoni kwao. Narudi nyumbani nikicheka peke yangu. Wengi wameuguza wakakosa hata dalili moja, mimi nimepewa. Nashukuru.

Shemeji Jaha, mdogo wake Amna anayeuza vitenge Iringa, amenipigia simu kabla ya kupanda ndege kwenda Umra. "Dada anaendeleaje?" Nikasema anaendelea vizuri, alhamdulillahi, anakula. Akasema, "Mwambie sijasahau alichoniagiza." Nikamwambia Amna. Mkono wa kushoto ukagonga kiti mara nyingi.

Alhamisi, 19 Februari

Ramadhani. Wengine walianza jana, sisi leo. Na wenzetu wameingia Kwaresima jana, kwa hiyo mtaa mzima una njaa, umetulia.

Kuna jambo sikulifikiria. Amna hafungi, ni mgonjwa, anakula mchana. Anayempikia amefunga. Nitajuaje ladha? Najua anayepika ameruhusiwa kuonja kwa ncha ya ulimi akatema. Lakini mimi najijua. Ulimi wangu ukiguswa na embe hautemi.

Leo nimekisia. Amna amekunja uso akala nusu.

Ijumaa, 20 Februari

Nimemwita Yusta ukutani, kwa aibu. "Mama Clement, naomba ulimi wako."

"Wangu?"

"Nimefunga. Sijui kama iliki imetosha."

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Mchungaji hajakataza kuonja cha mgonjwa. Lete." Akaonja, akatafuna hewa. "Iliki ongeza kidogo. Embe lako lina ukali, ongeza ndizi." Amna akala bakuli zima.

Kwa hiyo mwaka huu Ramadhani yangu inategemea ulimi wa Mlutheri. Nimemweleza imamu baada ya tarawehe, akasema, "Jirani huyo usimpoteze."

Jumanne, 24 Februari

Yusta ameonja. Bakuli zima.

Jumatatu, 2 Machi

Yusta ameonja, amesema leo nimejitahidi. Bakuli zima. Mvua ya mawe imevunja bati moja la jikoni. Simwambii mtu kwamba nina furaha, wataniona sina akili.

Jumapili, 8 Machi

Naandika kwenye benchi la hospitali. Mwandiko ni mbaya, atakayesoma anisamehe.

Jana Jaha alifika moja kwa moja kutoka safarini, hata Iringa kwake hakushuka. Wahenga wamesema mgeni njoo mwenyeji apone. Nilimpokea kwa furaha. Dada na mdogo wake walikumbatiana mlangoni, wakalia. Nikawaacha chumbani nikaenda jikoni kusaga, maana ilikuwa saa ya bakuli. Blenda inanguruma, mimi nafikiria pasheni.

Nilipozima blenda ndipo nilipoisikia ile sauti. Ninaijua. Nimekimbia. Jaha amesimama na kikombe cha maji, uso umempauka. Amna anapaliwa, na safari hii hakohoi kwa nguvu, anakoroma tu kama maji kwenye bomba bovu. Chini pamelowa. Kando yake galoni jeupe lenye maandishi ya Kiarabu.

Zamzam. Amempa maji ya Zamzam, ya kile kisima kitakatifu cha Makka, kikombe kizima, maji matupu.

Tulimwinamisha. Yusta alisikia kelele, akaruka, na ndiye aliyepata gari. Njiani nilimwambia Jaha maneno ambayo mtu aliyefunga hapaswi kuyasema. Nilimwambia: "Umetoka Makka kuja kumuua dada yako?" Alikuwa ameshika galoni kifuani kama mtoto.

Usiku homa imepanda. Asubuhi daktari amesema ni mapafu. Wamemwekea mpira wa puani. Alipouona alinitazama mimi, si daktari. Nikageuka, nikajifanya natafuta viatu.

Jumatatu, 9 Machi

Mpira. Homa.

Jumanne, 10 Machi

Mpira. Homa imeshuka kidogo, alhamdulillahi. Jaha amelala nyumbani kwangu, amefua kila kitu, hata mapazia. Futari ananiletea hospitali. Nakula, sisemi naye.

Ijumaa, 13 Machi

Ameruhusiwa, homa imekwisha, mpira tumerudi nao. Sista Verediana amenivuta pembeni. "Jumatatu mlete tumjaribu. Akimeza bila kukohoa, tunautoa mpira. Lete lile bakuli lako, Mzee, analijua. Akishindwa, basi itabidi tuzungumze habari ya mpira wa muda mrefu."

Yusta naye amesafiri leo kwenda Ilula. Kaka yake ana nyanya zimeiva zote kwa mpigo na hana wa kuziuza barabarani. Aliniaga kwa shida. "Sasa nani atakuonjea?" Nikamwambia Mungu yupo.

Jumamosi, 14 Machi

Jaha amefunga begi. Amesema atapanda basi la kesho, na sikumwambia abaki. Alikuja kumuaga dada yake, na mimi nilikuwa pale kitandani.

Amna hakumpa mkono. Mkono wa kushoto ulipita juu ya bega la Jaha, ukaonyesha juu ya kabati, lilipo lile galoni. "Ee," akasema. "Ee. Ee." Kwa hasira, machozi yanatiririka kando ya ule mpira. Nikamwambia, "Hapana, Amna, yale maji ni hatari kwako." Akalipiga godoro.

Jaha akaanza kulia. "Shemeji, alichoniagiza ni hicho. Kabla hajaugua aliniambia, Jaha, usiniletee kitambaa wala tasbihi, niletee maji tu. Nimejaza mwenyewe, nimelitaja jina lake pale. Nikafika, akaonyesha galoni, akafungua mdomo. Mtu mgonjwa, kaomba maji ya Zamzam, mimi nimnyime? Na wewe kwenye simu ulisema anaendelea vizuri, anakula."

Kweli, ndivyo nilivyosema. Ndivyo tunavyosema sote. Kwetu hata mtu akiwa mahututi, habari ni njema kwanza, mengine baadaye. Na hayo mengine sikumwambia. Kuhusu kijiko sikumwambia. Angejulia wapi?

Nikamtazama kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Amekonda na yeye. Nikasema, "Shemeji, nisamehe. Fungua begi." Akakaa chini akalia kwa sauti, na Amna akamwekea mkono kichwani.

Ndipo wazo likaja. Kila siku natia maziwa kidogo ili ndizi isiwe gundi. Lazima yawe maziwa?

Jioni nimemuuliza imamu kama maji hayo yanaweza kuchanganywa na tunda. Akasema, "Mgonjwa wako ananywa kwa njia anayoweza. Nia yake inatosha." Nimerudi nyumbani nikitembea haraka kama kijana.

Jumatatu, 16 Machi

Alfajiri, mimi na Jaha jikoni. Ndizi zenye madoa. Parachichi. Embe la mwisho la msimu. Pasheni, imechujwa. Kisha Jaha akafungua galoni, akasema Bismillahi, akatia kwa kijiko. Nikasaga, nikainamisha: gundi. Akaongeza. Gundi bado. Akaongeza kidogo sana. Bonge moja. Tukaliacha likae, tukainamisha tena. Bonge lilelile.

Iliki. Hapo nikasimama. Wote wawili tumefunga, Yusta yuko Ilula. Nikaogopa isije ikawa haina ladha akageuza uso mbele ya daktari, nikaongeza. Nikaogopa tena, nikaongeza tena.

Hospitali walikuwa daktari na Sista Verediana. Walimtoa mpira kwa majaribio, wakamkalisha wima. Nikamwambia Sista, "Samahani, naomba tumgeuze kiti. Anataka kuelekea Kibla." Sista ni Mkatoliki, hakuuliza kwa nini. Aliuliza ni upande gani tu. Nikaonyesha dirisha linalotazama milima, akakizungusha kiti mwenyewe.

Nikamwonyesha Amna bakuli. Nikamwambia sikioni, "Yale maji yako yamo humu." Alinitazama. Kisha midomo ikacheza, ile dua ya moyoni, na akafungua kinywa.

Nilikuwa nainamisha kila kijiko kabla sijampa. Kila kijiko. Sista alimwekea vidole kooni kusikiliza kinavyopita. Kimoja. Kimya. Kingine. Kimya. Jaha alikuwa amejificha nyuma ya mlango, hathubutu kuangalia. Katikati Amna akasita, akapumua, macho yakalengwa machozi, nami nikashusha kijiko. Hakukohoa. Akafungua kinywa tena.

Bakuli zima. Daktari akasema, "Mpira haurudi." Jaha alisujudu palepale kwenye korido, watu wakampitia kando.

Mungu wangu, sina cha kukulipa. Nakushukuru tu, na nakushukuru tena.

Jumanne, 17 Machi

Bakuli zima.

Jumatano, 18 Machi

Bakuli zima. Sina mwonjaji, naweka iliki kama ya Jumatatu, sithubutu kubadili kitu. Nikirudishiwa bakuli ni jeupe, hakuna hata cha kulamba baada ya magharibi.

Alhamisi, 19 Machi

Bakuli zima. Mvua imepungua.

Idi

Tumeamka jua liko nje, na milima imeonekana yote mpaka juu. Nimerudi kutoka kuswali nikamkuta Yusta uani, ametoka Ilula na basi la kwanza na tenga la nyanya, kavaa gauni la kanisani. "Idi njema! Nimefunga na nyie, au nimesema uongo?" Naima amefika na kichanga chake, amekiweka mapajani mwa bibi yake, na mkono wa kushoto umekishika barabara. Jaha anakaanga sambusa. Sikumbuki nyumba hii ilikuwa na kelele nzuri namna hii lini.

Nimetengeneza bakuli kama lile la hospitali, na tone la mwisho la galoni. Nimeliweka mezani mbele ya Amna, nikashika kijiko. Akaninyang'anya. Kwa mkono wa kushoto, taratibu, akachota. Akakiinamisha juu ya bakuli, mwenyewe, akasubiri. Bonge likashika, likaanguka. Akachota tena, na badala ya kukipeleka kinywani mwake akakielekeza kwangu.

Nikafungua kinywa, mzee mzima, mbele ya shemeji na jirani.

Ewe Mola! Iliki ilinipanda puani, ikanitoka masikioni. Ukali wake ulinifanya nishike meza. Machozi yakanitoka. Hii ndiyo niliyompeleka nayo hospitali! Hii ndiyo aliyoila kila siku, mpaka mwisho wa bakuli, bila kugeuza uso hata mara moja, akinitazama na kusema "ee"!

Nikamtazama. Bega lake la kushoto lilikuwa linatikisika. Nikadhani anapaliwa, nikaruka. Alikuwa anacheka. Anacheka na koo liko salama, kicheko kinapanda na kushuka, hakuna kikohozi. Kisha akatulia, akakusanya midomo kama mtu anayeokota kitu kizito sakafuni.

"Pu," akasema. Akapumzika. "Punguza."

Naima akapiga ukelele. Jaha akaacha sambusa ziungue. Yusta akawa anauliza kasemaje, kasemaje, na mimi siwezi kumjibu, nimeweka kichwa mapajani mwa mke wangu pamoja na kichanga.

Amekula mwenyewe kilichobaki. Hakukohoa. Kesho napunguza.